Sura Rasmi ya Kinyozi Lugome

Mtu akiwaambia kwamba katika nchi yetu watu hupotea, mwulizeni kwanza amewatafuta kwenye programu ngapi. Wengi wa hao wanaopiga kelele wametafuta mochwari, wametafuta vituo vya polisi, wengine wameingia hadi msituni na tochi. Hawajafungua simu. Mimi nilikuwa karani wa dirisha namba nne katika Ghala Kuu la Sura kwa miaka sita, na nasema kifua mbele kwamba kwa muda wote huo hatukupoteza mtu hata mmoja. Wote tulikuwa nao, wamehifadhiwa vizuri, wanatabasamu.

Jina la nchi nimeshauriwa nisilitaje, kwa kuwa ni nchi yenye haya. Ninyi semeni ni nchi ya majirani.

Zamani, kabla ya Sura Rasmi, hali ilikuwa ya kutia aibu. Kila programu ya simu ilimtaka mtu ajichoree katuni yake upya. Kwenye programu ya benki alikuwa na masharubu, kwenye kikundi cha harusi hana, kwenye ya mpira amevaa kofia ya timu, na kwenye ile ya ibada ana mabawa. Mtu mmoja, sura kumi na mbili! Mtukufu Rais aliliona jambo hilo, likamnyima usingizi. Alilihutubia taifa kwa saa nne bila kunywa maji, na kuna sehemu aliirudia mara nyingi hadi nikaikariri:

"Ndugu wananchi! Nimefungua simu yangu asubuhi, nikamwona Waziri wangu wa Maji kwenye programu tatu, na kwenye zote tatu ni mtu tofauti. Nimwamini yupi? Nimtumbue yupi? Kuanzia leo kila mwananchi atachorwa katuni mara moja tu. Serikali itamhifadhia. Ataitumia popote, kwenye kila programu, yeye na serikali yake!"

Tulishangilia sana. Hayo maneno matatu ya mwisho hatukuyatilia maanani, kwa sababu wakati ule bendi ilishaanza kupiga.

Ikaundwa Wizara ya Sura na Mwonekano, likajengwa Ghala Kuu, wakaja wachoraji na kompyuta zao hadi vijijini. Na hapo sisi wananchi tukafanya kosa ambalo naamini watu wa nchi nyingine yoyote wasingelifanya. Tulipoambiwa kwamba katuni ni moja kwa maisha yote, kila mtu alimvuta mchoraji pembeni akamwomba amrekebishe kidogo. Bibi wa miaka themanini akapewa kiuno cha msichana. Mkuu wa Wilaya yetu, ambaye hufikia kwenye kitasa cha mlango, alirefuka hadi akalazimika kuinamisha kichwa ili aingie kwenye fremu. Vipara vilikwisha nchi nzima kwa wiki moja. Mimi mwenyewe niliomba kidevu, nikapewa.

Kisha Bunge likapitisha sheria, na ndani yake kuna Kifungu cha Tisa ambacho kila karani alikijua kwa moyo: panapotokea tofauti kati ya mtu na katuni yake, katuni ndiyo sahihi.

Kwa upande wa nyuso, serikali ilitupa tano. Furaha, Shukrani, Makofi, Dole Gumba na Usingizi. Huo wa mwisho ulipingwa sana mwanzoni, lakini wabunge walisema wao wanauhitaji kikazi.

Faida zilionekana mara moja. Namkumbuka mzee mmoja aliyeletwa hospitali ya mkoa kwa machela, mguu umevunjika mara mbili. Daktari alimtazama, akaitazama skrini, akamtazama tena.

"Mzee, hapa unacheza ngoma."

"Nimeanguka kwenye paa, daktari."

"Unacheza kwa miguu yote miwili. Hongera sana, mzee wangu, umri huo!"

Akaruhusiwa siku ileile, akatoka kwa kutambaa. Katika takwimu za mwaka ule magonjwa yalipungua nchini kwa asilimia themanini, na wataalamu kutoka nje walikuja kutuuliza siri yetu ni nini.

*

Sasa niwaeleze habari za Kibwana Lugome, kwa kuwa ndiye aliyenifikisha hapa nilipo.

Kibwana alikuwa kinyozi wa mtaani kwetu. Nyumba yake na yangu ziligawana ukuta mmoja, ukuta mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande wa pili unamwombea afya. Mke wake, Sikudhani, alikuwa akishona sare za shule, na mashine yake ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi. Mimi sina mke wala mtoto. Watu wangu walikuwa ni hao wawili, ingawa sikuwahi kuwaambia.

Mama yake Kibwana akafariki. Siku hizo misiba ilikuwa imeshahamishiwa kwenye programu iitwayo Msiba Wetu, ili watu wasipoteze muda kukaa kwenye mikeka. Mfiwa anatakiwa aweke katuni yake mbele kabisa, kando ya jeneza, kwa siku tatu. Kibwana akafungua nyuso zake tano, akazitazama. Akaona heri Usingizi, angalau una macho yaliyofumba. Programu ikamjibu kwamba kulala msibani ni utovu wa nidhamu, ikambadilishia yenyewe. Hivyo kwa siku tatu mfululizo watu mia nne walimwona Kibwana akimpigia makofi mama yake aliyelala kwenye jeneza.

Siku ya nne alikuja dirishani kwangu.

"Jirani, nataka uso wa sita."

"Uso gani tena huo?"

"Wa kulia."

Nilicheka, kwa kuwa nilidhani ni utani. Yeye hakucheka.

"Kibwana, uso huo haupo."

"Haupo? Mimi nimeshika nyuso za watu miaka ishirini, jirani. Nimewanyoa siku ya kuoa, nimewanyoa siku ya kuzika. Upo. Wewe mwenyewe ulikuwa nao pale kwenye kiti changu, ile siku uliponyimwa cheo."

"Siku ile nilikuwa na mafua."

"Haya. Basi nipe fomu ya mafua."

Fomu ya maombi hatukuwa nayo. Tulikuwa na fomu moja tu, Fomu ya Pongezi kwa Wizara. Kibwana akaichukua, akakata neno Pongezi kwa mistari miwili, akaandika juu yake Ombi, na chini akaeleza kwa mwandiko safi: Naomba katuni yangu iruhusiwe kulia, kwa sababu nimefiwa. Akanirudishia.

Ningeweza kuichana. Kikapu cha taka kilikuwa pale pale kwenye miguu yangu. Lakini mhuri ulikuwa mkononi tayari, na karani mwenye mhuri mkononi ni mtu wa hatari, hata kwa rafiki zake. Nikaugonga, nikaipeleka fomu ghorofani.

Alhamisi iliyofuata waliingia watu watatu kwenye kibanda cha Kibwana cha kunyolea. Walikuwa wapole, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Walimwomba Kibwana aweke mkasi chini, wakamsaidia kuvua aproni, wakatoka naye. Mteja aliyekuwa kwenye kiti alibaki amenyolewa nusu kichwa, akatembea hivyo wiki nzima kwa kuogopa kwenda kwa kinyozi mwingine. Hakuna aliyemwuliza kitu, kwa kuwa kwenye katuni nywele zake zilikuwa timamu.

*

Sikudhani alianzia kituo cha polisi, kama watu wa zamani. Sajini wa zamu alimkaribisha kiti, akamsikiliza, kisha akafungua simu yake.

"Mama, mumeo si huyu hapa? Anapiga makofi kwenye kikundi cha mtaa. Dakika mbili zilizopita."

"Hiyo ni katuni, afande."

"Na aliyepotea ni nani?"

"Kibwana Lugome."

"Hebu soma hapa chini ya katuni. Pameandikwaje?"

Akasoma. Pameandikwa Kibwana Lugome.

"Sasa mama, tusaidiane. Niandike Kibwana Lugome amepotea, na wakati huohuo Kibwana Lugome ananipigia makofi? Faili hilo likifika juu, nitaulizwa nimekunywa nini."

Ndipo akaja kwangu. Alisimama kwenye foleni kama wengine, hakujipenyeza kwa ujirani. Zamu yake ilipofika nilimfungulia kumbukumbu zote, nikamgeuzia skrini aone. Mumewe alikuwa kwenye programu saba. Kwenye ya maji alikuwa akishukuru kwa maji, ingawa mtaani kwetu bomba lilikuwa na mwezi halijatoa tone. Kwenye ya mpira alishangilia timu zote mbili. Kwenye ya hospitali alikuwa mzima wa afya, na kwenye kikundi cha familia alikuwa amemwandikia yeye Sikudhani maneno haya: Mke wangu kipenzi, mimi sijambo, usiwe na wasiwasi.

Sikudhani akasoma mara mbili.

"Kaka Farijala, nani anayeibonyeza hii katuni?"

Swali hilo lilinipa shida kidogo, kwa sababu aliyekuwa akiibonyeza ni mimi.

Nieleze. Ilipofika saa nane mchana madirisha yalifungwa, na hapo ndipo ilipoanza kazi yetu yenyewe, iliyoitwa Kutumia Tena. Tuliletewa orodha ya wananchi wenye udhuru. Udhuru gani, hatukuelezwa. Tulizitoa katuni zao ghalani tukazitembeza kwenye programu zao, huku zipige makofi, kule zishukuru, ili watu wao wasiwe wapweke. Mimi nilikuwa na katuni sitini na tatu. Mwenzangu wa dirisha namba tano alikuwa na mia mbili, kidole chake kilishaanza kupinda. Niliifanya kazi ile kwa moyo. Katuni ya Kibwana nilipoletewa niliiweka ya kwanza kwenye orodha, kwa heshima ya ujirani, na yale maneno ya kipenzi niliyatunga mwenyewe, nikadhani yatamfurahisha.

"Sijui, dada," nikamjibu. "Labda ni yeye."

"Siyo yeye. Tangu tuoane Kibwana hajaniita kipenzi. Huniita 'we Siku'. Hata nikiwa naumwa, 'we Siku'."

Nikaitikia kwa kichwa, nikaliandika lile neno kwenye daftari langu. Na saa nane ilipofika, kwa kuwa napenda kazi nzuri, nikaandika kwenye kikundi cha familia: We Siku, mimi sijambo, usiwe na wasiwasi. Nikaongeza Dole Gumba.

Kesho yake aliwahi kabla dirisha halijafunguliwa. Hakusalimia. Aliiweka simu yake kwenye kioo, maneno yakinitazama.

"Neno hili nimemwambia mtu mmoja tu," akasema.

Nilifunga dirisha. Ilikuwa saa tatu asubuhi, foleni imefika getini, na mimi nikafunga dirisha, nikakaa chini nyuma ya kaunta mahali ambapo hawezi kuniona. Niliona aibu, na aibu nayo haimo katika zile tano.

*

Tangu siku ile Sikudhani hakurudi kwenye foleni. Alikuja na kikapu chake cha sare, akakaa kwenye benchi lililoelekea mlango mkuu wa Ghala, akawa anapinda mikono ya mashati na kulia. Hakupiga mayowe. Machozi yalimtoka tu huku sindano inakwenda, asubuhi hadi jioni.

Mnaweza kusema kilio cha mwanamke mmoja si kitu. Lakini katuni yake saa ileile ilikuwa kwenye programu ya walezi wa shule, uso wa Furaha. Ofisa wa ulinganishaji alitoka na mashine yake, akamwelekezea, akapata asilimia hamsini na nane, na kisheria mtu hatakiwi kushuka chini ya tisini. Akamsomea Kifungu cha Tisa. Sikudhani akamwuliza kama ana uzi mweupe. Siku ya tatu mama mwingine akaja kukaa kando yake. Siku ya tano walikuwa kumi na mmoja, nao wakalia bila kuulizana wanamlilia nani.

Hapo Mkurugenzi mwenyewe akashuka. Dokta Injinia Mahimbo hakuwa mtu wa kushuka ovyo. Mara ya mwisho alishuka kuja kuzindua lifti. Alisimama mbele ya benchi, akakunjua karatasi.

"Akina mama! Wizara imeguswa. Wizara haina uso wa kuguswa, kama mnavyojua, kwa hiyo naomba mwelewe kwamba hapa ninapotabasamu, nimeguswa. Serikali yenu imehifadhi sura milioni arobaini na mbili bila kuchanika hata moja. Je, serikali kama hiyo yaweza kumpoteza kinyozi?"

"Namtaka mume wangu," Sikudhani akasema.

"Unaye, mama! Unaye kwenye programu saba! Ni mwanamke gani nchini mwenye waume saba?"

"Namtaka yule anayekula."

Mkurugenzi aliendelea kutabasamu, akaikunja karatasi. Jumatatu iliyofuata ulikuwa unakuja ujumbe wa wageni kutoka nchi saba kujifunza kwetu, na njia yao ilipita mbele ya benchi lile. Akamnong'oneza msaidizi wake. Ijumaa asubuhi wakamleta mtu.

*

Mimi niliitwa kuandika muhtasari, ndiyo maana nilikuwepo chumbani. Tulikuwa sita: Mkurugenzi, ofisa wa ulinganishaji, askari mmoja, Sikudhani, mimi, na yule mtu.

Alikuwa amekonda. Kichwa kimenyolewa vibaya, na vidonda juu yake. Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Jicho la kushoto lilikuwa halifunguki. Alisimama akiangalia sakafu, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinafunguka na kufumba, vinafunguka na kufumba, kana kwamba vimeshika mkasi. Nilimtambua kwa vidole, nikainamia daftari langu haraka.

Ofisa akamwelekezea mashine. "Thelathini na moja," akatangaza.

"Mama," Mkurugenzi akaanza kwa sauti laini, "Wizara inapenda haki, kwa hiyo nitakueleza bila kuficha. Mtu huyu amejitaja kuwa ni Kibwana Lugome. Wewe ndiye mke, wewe ndiye shahidi. Ukisema ndiye, sisi tunafurahi pamoja nawe. Atakuwa Kibwana Lugome mwenye kasoro ya asilimia sitini na tisa, na tutamrudisha Idara ya Marekebisho wamsahihishe mpaka afanane na katuni yake. Wanafanya kazi nzuri sana kule. Polepole, lakini nzuri."

Vidole vya yule mtu vikaacha kucheza.

"Na nikisema siye?"

"Ukisema siye, basi ni mtu asiye na sura. Asiye na sura hayumo kwenye mamlaka yangu. Mlango ule pale, aende anakokujua. Wewe utatia saini kwamba mume wako umepokea kwenye simu, na suala la benchi litakuwa limekwisha. Chukua muda wako, mama. Mtazame vizuri."

Sikudhani akamtazama. Alimzunguka taratibu, akasimama mbele yake, karibu kiasi cha kuweza kumgusa. Nilitaka kutoka nje. Nimefanya kazi serikalini miaka mingi, na sijawahi kuogopa neno la mtu mwingine kama nilivyoliogopa neno lake, kwa sababu nilijua ameomba jambo moja tu kwa siku zote zile, na sasa limesimama mbele yake linapumua.

"Simjui mtu huyu," akasema.

Alilisema kama mtu anayekataa nyanya sokoni. Yule mtu akainua kichwa. Jicho lake zima lilimwangalia kwa muda, na mimi nikaomba kimya kimya asilie, asimwite, asitamke lile neno lake la kumwitia.

"Samahani, dada," akasema. Sauti ilikuwa inapita kwenye pengo la meno. "Nilikufananisha."

Akatoka akijishikilia ukutani. Sikudhani hakugeuka kumwangalia. Alitia saini mahali pote alipoonyeshwa, akapewa hati yenye maneno Mume Amepatikana, akapigiwa makofi na katuni kwenye skrini, akasema ahsante, akatoka kwa mlango mwingine. Mimi nilimfuata kwa macho dirishani. Alitembea vizuri, kikapu mkononi, mpaka kwenye kona ya barabara. Alipoipita kona nikaona upindo wa kanga ukiruka, nikajua anakimbia.

*

Wiki iliyofuata Sikudhani alipata mpangaji wa chumba cha nyuma. Mtaani alisema ni fundi wa viatu kutoka mbali, mgonjwa kidogo, hapendi kutoka. Watu walimpa pole.

Sheria inamtaka mwenye nyumba amripoti mpangaji asiye na sura ndani ya siku saba. Jirani naye hivyohivyo. Mimi nilijiambia nitaripoti kesho. Kesho ikawa na mambo mengi. Keshokutwa nikajiambia sina hakika. Saa nane mchana niliendelea kuitembeza katuni ya Kibwana kwenye zile programu saba, ikipiga makofi kote, na jioni nikirudi nyumbani nilimsikia mwenyewe nyuma ya ukuta akiomba chumvi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niajiriwe kujua jambo nikakaa nalo. Nilikuwa naogopa, na bado nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki kuwa nayo kabla.

Jumamosi moja, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nakunywa chai nikamsikia Kibwana analia. Mwanzoni sikuelewa ni sauti gani. Alikuwa anamwita mama yake. Alilia kwa nguvu, kama mtoto aliyeanguka, na Sikudhani akaja akalia pamoja naye, na mashine ya kushonea ikanyamaza. Nikaweka kikombe chini. Machozi yakanitoka na mimi, mengi, mtu wa miaka hamsini na mbili. Nililia kwa ajili ya mama yake, na kwa ajili ya fomu ile, na kwa wale sitini na wawili wengine ambao sikuwahi kujiuliza wanakula nini.

Simu ikalia mezani.

Ilikuwa ni programu ya Jirani Mwema, ambayo sikumbuki kuifungua hata siku moja. Katuni yangu ilikuwa imesimama katikati ya skrini na kidevu chake kizuri, inainua Dole Gumba. Chini yake pameandikwa: Ndugu Farijala Nunda, ahsante kwa taarifa yako juu ya mpangaji asiye na sura katika nyumba ya jirani yako. Kwa ajili ya uwazi, familia husika imejulishwa jina lako. Maofisa wako njiani.

Sikuandika taarifa yoyote. Naapa. Wizara ilikuwa imeshajua, ilikuwa inakosa tu jirani wa kuitia saini, na karani fulani kwenye dirisha fulani akaingia ghalani akaichukua katuni yangu, kama mimi nilivyozichukua za wengine. Nikabonyeza mahali pa kukanusha. Programu ikanifungulia nyuso tano nichague moja. Nikazipitia zote, nikarudia, zikapita kama dakika kumi. Mwishowe nikabonyeza Usingizi, nayo ikanishukuru kwa ushirikiano wangu.

Nikatoka mbio, miguu mitupu.

Mlango wao ulikuwa wazi. Vikombe viwili vya chai bado vinatoa moshi. Kapu la nguo halipo, mkasi mkubwa haupo. Simu zao wameziacha mezani zimetazamana, katuni ya mke na katuni ya mume, zinapigiana makofi. Kando yake kulikuwa na kipande cha karatasi ya kukatia mashati, kimeandikwa kwa chaki ya kushonea: Kaka Farijala, ahsante kwa kutuarifu mapema.

Sijui kama aliniandikia kwa uchungu, au kweli alidhani nimewatonya. Mpaka leo sijui. Nilikaa kwenye kiti cha mashine, karatasi mkononi, nikaendelea kulia pale nilipokuwa nimeishia. Walikuwa wamekwenda, wote wawili, bila simu, bila sura, na hakuna programu yoyote ingeweza kuwaonyesha.

Wakaingia watu watatu, mashati yamepigwa pasi. Mmoja akachungulia chumba cha nyuma. Wa pili akanipokonya ile karatasi kwa adabu, akaisoma, akanitazama. Wa tatu akanielekezea mashine usoni. Macho yangu yalikuwa mekundu, kamasi zinanitoka.

"Arobaini na moja," akasema.

"Mzee," wakaniuliza kwa upole, "wewe ni nani?"

Utaratibu niliujua kuliko wao. Nilihitaji mtu mmoja tu anitazame aseme simjui, nami ningejishikilia ukutani nitoke. Nje majirani walikuwa wameshajaa mlangoni, watu wema, wengine nimekaa nao mtaa mmoja miaka thelathini. Nikawageukia. Niliwatazama mmoja mmoja kwa macho yanayowasihi.

"Jamani, mwacheni!" mama muuza maandazi akapaza sauti. "Huyu ni Bwana Farijala! Tunamjua sana!"

"Ni yeye kabisa!" wakaitikia wote, wakisukumana ili waonekane vizuri. "Farijala Nunda, karani wa Ghala! Tunamjua sote!"

Walinitetea kwa moyo wao wote, mpaka gari lilipofunga milango.

Hapa Idara ya Marekebisho kweli wanafanya kazi nzuri. Kidevu kilichukua muda, lakini sasa kimekaa. Juzi nimepimwa, nimefika asilimia themanini na nane, na Mkurugenzi ameniletea salamu za Dole Gumba. Wameniambia kilichobaki ni macho tu.